Kidole Changu na Chombo cha Kulishia Ndege

Jamani, hili jambo hata kulisimulia naona haya, lakini kwa kuwa Dimani nzima wanalijua, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa siku ya ndoa ya mdogo wangu Zaituni. Baba yetu ametangulia mbele za haki, kwa hiyo kaka mkubwa, yaani mimi, ndiye niliyepaswa kumwoza. Asubuhi nikaenda Kibiti kufuata barafu ya sharubati, basi, barafu tu! Nikapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaona vyombo vya kulishia ndege vimening'inia, vya wavu wa chuma, vinang'aa! (Mimi ndege nawapenda sana, mke wangu anajua, kila siku nawamwagia chenga za mchele uani, lakini zinaishia kuliwa na kuku.) Nikaingia.

Vilikuwa viwili, kimoja matundu yake ya juu madogo, kingine makubwa. Mwenye duka akakijaza mtama hicho cha matundu makubwa ili nione.

"Chukua hiki, kaka, ndege atakula kwa raha."

"Mdomo wa tetere utapita?"

"Si ujaribu!"

Nami nikajaribu, tena kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kikaingia vizuri kabisa. Kutoka ndiyo kikakataa! Tukapaka sabuni, tukapaka mafuta ya kupikia, kidole kikazidi kuvimba. Mwenye duka akaleta koleo, nikaona linavyokaribia nyama yangu, nikapiga kelele, "Acha!" Hapo hapo simu ikaita, ni shehe: "Bwana harusi ameshafika, wewe uko wapi?" Nikalipa, nikapanda bodaboda na chombo changu kidoleni, barafu mapajani inayeyuka, nimelowa kama niliyejikojolea.

Nyumbani nikavaa kanzu kwa taabu, nikaufunika mkono kwa kanga ya mke wangu. Wageni wakawa wananipa pole, wakidhani nimeumia, nami naitikia, "Nimeshapoa." Nikaketi mkekani, nikielekeana na Athumani, bwana harusi. Shehe akasoma hotuba, kisha akaniambia, "Mpe mkono."

Nikatoa wa kushoto.

"Wa kulia, bwana!"

Kanga ikaanguka. Athumani, maskini, hakujua ashike wapi, akakumbatia wavu kwa kiganja chote. Chombo kikapinduka, mtama ukaanza kumwagika kwenye matundu, churururu, kuku wa jirani wakaja mbio, mmoja akapanda juu ya goti la baba yake Athumani! Mimi nimeshaanza maneno, nikaona nisikatishe: "Athumani, nimekuoza dada yangu Zaituni, kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa!" akajibu kwa sauti, na kwa furaha akautikisa mkono. Jasho na mafuta vikafanya kazi yake, kidole kikachomoka, pwa! Bwana harusi akabaki amekumbatia chombo cha ndege.

Wanawake ndani wakapiga vigelegele. Shehe akakitazama kile chombo, akamtazama Athumani.

"Umekubali kumuoa nani, mwanangu? Hiki?"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akavua kofia kujipangusa machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilijiona nimemwaibisha dada yangu na marehemu baba pamoja, mpaka nikasikia kicheko cha Zaituni mwenyewe kutoka chumbani, "Kaka, rudia basi, nisije nikawa sijaolewa!"

Tukarudia. Safari hii Athumani aliushika mkono wangu kwa upole kama anashika yai, nami nikatamka kila neno huku machozi yananitoka, si ya aibu tena.

Tangu siku ile nimeapa: nikiwa na jambo la watu, dukani siingii, natuma mtu. Lakini nimechelewa. Dimani sasa hakuna anayeniamkia mimi kwanza.

"Kidole hakijambo?"

"Hakijambo," nawajibu, "kinawasalimu."