Uzio Kwenye Njia ya Bondwa

Nilimvunja mkono mtoto wa shangazi yangu kwa fimbo ya kupandia mlima, saa tatu asubuhi, mbele ya wageni wanne niliokuwa nawapeleka kileleni Bondwa. Sisemi kwa kujisifu. Mfupa ulilia ko! na mimi nikainua fimbo tena.

Kwenda Bondwa kuna barabara ya minara ya simu, inayozunguka taratibu kupitia Morningside, na kuna njia ya mashambani, inayopanda wima. Mimi huwapitisha wageni mashambani, kwa sababu njia inakatiza shamba alilolima baba, na ndiko alikozikwa, karibu na mgomba. Nikifika pale natoa salamu bila kusimama, nasonga mbele. Sina haki nyingine. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo baba alipofariki shamba lilirudi kwa mtoto wa dada yake. Mimi mwanawe nikabaki na kijia tu. Tangu hapo sikupokea hata simu za yule bwana.

Sasa siku hiyo nakuta uzio. Miiba na matete, kuanzia kwenye mgomba hadi mtaroni. Ebo! Shamba kachukua, na kaburi la baba nalo anataka kunifungia? Damu ikanipanda. Nikachomoa panga nikafyeka huku natukana, nikapenya ndani, hata wageni wakarudi nyuma.

Yule bwana akashuka mbio kutoka juu na jembe lake. Ni mkubwa kwangu, lakini shikamoo haikutoka.

"Acha kukata! Nisikilize kwanza!"

"Nikusikilize nini, mwizi wewe!"

Akatupa jembe, akanikaba shati. Nikampiga kichwa, pua ikapasuka. Akanirudishia ngumi ya mdomo, jino likalegea. Panga likaniponyoka, na leo namshukuru Mungu kwa hilo. Tukabiringishana, nikamng'ata bega hadi nikaonja damu, naye ananivuta tu, ananivuta nitoke pale, mimi najua ananifukuza. Nikaipata fimbo. Ya kwanza ikatua mgongoni. Ya pili akaikinga kwa mkono.

Alipiga magoti, mkono umening'inia.

"Toka hapo," akasema. "Unamkanyaga mjomba."

Mjomba wake ni baba yangu. Nikatazama chini. Tuta la kaburi halikuwepo tena. Lilikuwa bapa kama sakafu, limejaa alama za viatu vya wageni, na jiwe la kichwani limesukumwa pembeni. Kiongozi hutangulia, sikuwahi hata siku moja kugeuka nione watu wangu, wakikwepa utelezi, wanaweka miguu wapi. Upande wa juu, kupita mgomba, niliona ngazi mpya zimechongwa kwenye udongo, bado mbichi. Alikuwa ananichongea njia nyingine.

"Nimekupigia wee," akasema. "Hupokei."

Aibu ilinishika, nikawaomba wageni radhi, safari ikaishia hapo. Nikamshusha mjini kwa bodaboda, nimemkumbatia katikati yangu na dereva, damu yake na yangu kwenye shati moja. Njia nzima hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Msimu ule maharage yake niliyalima mimi. Uzio niliurudishia kwa mikono yangu, tuta nikalipandisha. Wageni bado nawapeleka Bondwa, kwa ngazi alizochonga yeye. Siku hizi natembea nyuma.