Nilivyorudisha Mahari Ambayo Sikuipokea

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, nikabeba mbao za watu mpaka bega likaota sugu, na leo nina malori mawili Makambako na nyumba ya vigae Mahongole. Wasomi wananiomba lifti. Kwa hiyo mwalimu wa malezi aliponipigia simu kwamba binti yangu wa kidato cha tatu kapigwa na mvulana wa kidato cha nne, niliuliza kitu kimoja tu: kapigwa wapi.

"Usoni, mzee. Pale bombani, mbele ya wenzake."

Asubuhi nilikuwa Njombe, ambako binti anasoma akiishi kwa shangazi yake. Nikamkuta ofisini, shavu limevimba, hanitazami. Mvulana kasimama na baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Ramadhani, mtu wa kuongea huku anachezesha funguo za gari. Gari lenyewe la mkopo.

Kijana akaulizwa kwa nini alipiga. Wala hakuogopa. "Anasema tuachane. Amekula hela yangu, halafu tuachane?"

"Hela gani?" nikauliza.

Akataja bila kumeza mate, kila kimoja na bei yake: chipsi mayai, vocha, sweta la mtumba, nauli ya kumfuata Makambako wakati wa likizo.

"Nauli ya miguu yako mwenyewe?"

"Si nilimfuata yeye?"

Binti yangu akasema taratibu, "Sikuomba hata kimoja."

Mwalimu, mwanamke mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, akatusomea utaratibu mpya wa shule. Aliyepigwa hafukuzwi. Aliyepiga hamsogelei tena, na atakaa vikao na mshauri. Wazazi hawaruhusiwi kumalizana nje ya shule. Nikamwambia enzi zetu wote wawili wangelala chini wakachapwa, kwisha.

"Tukimchapa aliyepigwa, mzee, kesho nani atakuja kutuambia?"

"Na hizo hela?"

"Hakuna hela. Zawadi si deni. Ndicho tunachowafundisha, kupendana bila kumilikiana."

Nikamuuliza kama madarasa tuliyachangia ili watoto wafundishwe mapenzi. Akatabasamu. Nikamchukia.

Kwenye biashara nina sheria yangu: asiyekudai hana la kukuambia. Nikatoka pale moja kwa moja hadi Ramadhani. Duka limejaa wateja. Nikahesabu noti juu ya kaunta, nikamalizia na sarafu. "Hela za mwanao hizo. Asimguse tena binti yangu, na asimdai."

Yule bwana akazihesabu polepole, kisha akawageukia wateja. "Jamani, mmeshuhudia. Mkwe wangu karudisha mahari."

Duka zima likacheka. Mama mmoja aliyefuata misumari akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene, baba. Mahari hurudishwa ya aliyeolewa. Wa kwako ulimwoza lini?"

Kama kuna mtu anajua habari hizo ni mimi, niliyekaa vikao vya ndoa zilizovunjika mpaka nikachoka. Anayerudisha mahari amekiri kwamba mke alikuwepo. Nilimtukana yule bwana matusi nisiyoweza kuyaandika hapa. Akazifungia hela kwenye droo.

Kesho yake kijana alitii utaratibu vizuri sana. Hakumsogelea binti yangu. Alisimama ng'ambo ya uwanja akapaza sauti: "Kamwene, mtalaka wangu." Hadi saa ya chakula shule nzima ilikuwa inamwita hivyo. Binti akarudi kwa shangazi yake, akavua sare, akasema shule basi. Mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka darasa la saba. Hapo nilipata hofu, nisiseme uongo.

Mwalimu akapiga tena. Hakusema "si nilikwambia", ningemtukana naye. Alisema kwao kejeli nayo ni kipigo, kijana amesimamishwa, na atakuja kufanya mitihani tu, chini ya uangalizi. "Lakini binti harudi mpaka wewe useme mbele ya darasa lake kwamba hakuna mahari. Ni maneno yake, mzee, si yangu."

Nikasimama mbele ya watoto wale. Nimeshakabiliana na majambazi wa barabarani bila kutetemeka, sembuse watoto. "Huyu hakuolewa na hakununuliwa," nikasema. "Hela nilitoa kwa hasira zangu mwenyewe. Atakayemwita mtalaka atakutana na mimi."

"Hilo la mwisho halimo kwenye utaratibu," mwalimu akasema.

"Liongezeni."

Binti akakaa kwenye dawati lake. Yule mwenye duka hajarudisha hela mpaka leo, wala simwombi. Siku atakapotaka lori la kubebea saruji tutaonana. Saa ya kutoka binti akanisindikiza hadi getini. Hakunishukuru.

"Baba, ulimpa shilingi ngapi?"

"Za nini kwako?"

"Nataka kujua ulikubali mimi ni bei gani."

Kwenye bei mimi sidanganyi mtu. Nikamwambia: elfu arobaini na moja na mia saba.