Uwanja Usiokanyagwa

Mtunza uwanja wa mtaa alikuwa na cheo kimoja ofisini na kingine mtaani. Ofisini aliitwa kibarua wa kudumu, cheo ambacho hadi leo hakuna aliyeweza kukieleza. Mtaani aliitwa Bwana Toka, na hilo halikuhitaji maelezo. Ukigusisha tu unyayo kwenye majani yake, unasikia: "Toka!" Mtu mzima na ndevu zake anaruka.

Kwa miaka ishirini na mbili alifyeka, akamwagilia, akang'oa magugu kwa mkono, kapiga magoti kama aliyedondosha pete. Na tusimwonee jamani, uwanja ulipendeza. Ulikuwa kijani hata miezi ile watu wanapogombania maji bombani. Ulipendeza kiasi kwamba hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuufaidi. Mafundi cherehani waliokuja kula chakula cha mchana kivulini aliwatimua. Wacheza mpira aliwatimua mwaka wake wa kwanza kazini, wakahamia barabarani, na huko wapo mpaka leo wakikwepa magari. Mwalimu wa chekechea ya jirani, dada mpole kweli, alikuja kumwomba dakika ishirini tu kwa siku ili watoto wakimbiekimbie. Akajibiwa kwamba uwanja si wa kukimbilia. Ni wa nini basi? Hilo hakuambiwa.

Ndipo baraza la mji likaamka. Lilikuwa limelala usingizi wa pono miaka yote hiyo, likaamka na Mpango wa Maeneo ya Wazi, kitabu kinene chenye picha za watu wanaocheka kwenye mabenchi. Ukiyaondoa maneno ya kujipamba, kitabu kilisema hivi: kila uwanja utahesabiwa watu. Wenye watu utapewa fungu la njia, taa, mabenchi na choo. Usio na watu utageuzwa maegesho ya magari ya maofisa, maana maofisa, masikini, wameteseka vya kutosha. Na siku ya kuhesabu? Jumanne, saa nne asubuhi. Saa ambayo mji mzima hauna kazi, unazurura viwanjani, si ndiyo?

Katika yote hayo Bwana Toka alisikia neno moja tu: wageni. Aliamka alfajiri akafyeka, akafagia, akamfukuza hata bibi aliyeketi ukingoni kupumzisha mzigo wake. Afisa mipango, mwanamke kijana mwenye kidude cha kuhesabia mkononi, akafika na kusimama. Kidole hakikubonyeza kitu.

"Unaona palivyo safi, mama?" Bwana Toka akauliza.

"Naona. Watu wako wapi?"

"Hakuna! Hata mmoja!" akajibu, kifua mbele.

Afisa akaandika sufuri, akamshukuru kwa ushirikiano.

Mkewe ndiye aliyesoma tangazo ubaoni: uwanja hauna watumiaji, kuhesabu kwa mara ya pili na ya mwisho ni baada ya wiki mbili.

"Baba, umejipalia makaa mwenyewe," alimwambia. "Hivi ulidhani wanakuletea nishani?"

Bwana Toka hakulala vizuri tena. Alikuwa na uwanja ule tu duniani, na sasa alikuwa akiuona na magari juu yake. Akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba akiomba watu waje wakanyage. Fundi cherehani, rafiki wa mkewe, alimtazama juu mpaka chini. "Tukanyage majani yako? Shemeji, unaumwa? Huo ni mtego." Akaufunga mlango. Mwalimu wa chekechea peke yake ndiye aliyekubali. "Nitawaleta, kaka," alisema. "Lakini si kwa ajili yako."

Jumanne ikafika. Watoto thelathini wakaja wawili wawili wameshikana mikono, wakafika ukingoni, wakasimama. Hakuna aliyethubutu kuingia. Mwalimu aliwabembeleza, wapi! Walikuwa wanamwangalia yule mzee.

"Walio nje ya mpaka siwahesabu," afisa akasema, akitazama saa.

Bwana Toka alitaka kuwaita kwa upole. Alijaribu, Mungu shahidi. Lakini koo lake lilijua sauti moja tu. "INGIENI!"

Wakatimua mbio wote, wengine wakilia, mwalimu nyuma yao akiokota viatu.

"Mimi je?" Bwana Toka akauliza, kasimama katikati ya uwanja, jasho likimtoka.

"Wewe ni mfanyakazi, mzee. Huhesabiwi."

Mkewe alikuwa amesimama barabarani muda wote huo. Akavua ndala, akaingia, akatembea taratibu mpaka katikati, akaketi na kunyoosha miguu. "Na mimi ni mfanyakazi?" akamwuliza afisa.

Afisa akabonyeza. "Mmoja."

Mkewe akayapapasa majani kwa kiganja. "Kumbe ni laini hivi," alisema. "Miaka yote nafua suruali zako zenye madoa ya majani, na sijawahi kuyagusa."

Bwana Toka aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kukosa pa kuweka mikono. Akaketi kando yake, akalia. Afisa mipango akatazama pembeni, akisubiri dakika zake za kuhesabu ziishe.