Ngozi Mpya na Vidole vya Mama

Kazini walimwita Fundi Sura. Alikaa nyuma ya pazia la studio ya picha, mbele ya kompyuta, akifuta chunusi za maharusi na mikunjo ya wastaafu. Uso wake mwenyewe ulikuwa na madoa na vishimo tangu usichana. "Kinyozi hajinyoi," mpiga picha alizoea kumtania, naye hucheka na wenzake, kisha akarudi nyuma ya pazia.

Alipoamua kuutibu uso huo, aliamua kweli. Daktari wa ngozi, mama mmoja wa sauti ya chini, hakumpaka dawa siku ya kwanza. Alimjaribu kwa tone la dawa nyuma ya sikio, akampa krimu ya kuandaa ngozi, akamkataza jua, kusugua uso na vipodozi vya mitaani.

"Ukija na uso uliochokozwa, nitakurudisha nyumbani," alimwambia. "Na usitegemee ngozi ya mtoto mchanga. Itatulia tu."

Basi Fundi Sura akawa anatembea na mwavuli katikati ya kiangazi, watoto wakimuuliza hiyo mvua yake iko wapi.

Nyumbani aliishi na mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika polepole kwa presha ya macho. Kila jioni binti akirudi, mama humshika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole gumba mashavuni. "Haya, umefika," husema. Ndipo chakula kinapakuliwa.

Siku ya dawa, daktari alimsafisha, akamfunika macho, akampaka kwa pamba tindikali ya kubandua ngozi ya juu. Moto ulikuja taratibu, kisha wote kwa mpigo. Muuguzi alimpepea kwa feni ndogo huku ngozi ikigeuka nyeupe kama kioo kilichopigwa na mvuke. Alirudi nyumbani uso umemkaza kama ngoma.

"Usiniguse kwanza, mama. Daktari kakataza."

Mama alishusha mikono, asijue aiweke wapi.

Uso ukawa kahawia iliyoiva, ukapasuka pembeni mwa mdomo, ukaanza kubanduka. Fundi Sura alipaka mafuta mazito aliyopewa na kujizuia asivute hata gamba moja. Mchana mmoja amesinzia kwenye kochi, akahisi ubaridi shavuni. Mama alikuwa amemwinamia, akigusa kwa ncha ya kidole kipande cha ngozi kilichoning'inia. Hakukivuta. Alikisikiliza kwa kidole tu.

"Mama, unafanya nini?"

"Tulia," mama alisema. "Kuna mtu anatoka humu."

Fundi Sura alicheka ili asiogope. Lakini tangu siku hiyo akilala mchana hufunga mlango, na kutoka ndani alisikia ndala za mama zikija, zikisimama, zikiondoka.

Ngozi ilipona vizuri, ikatulia, rangi moja. Daktari alifurahi. Jioni hiyo Fundi Sura alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Sasa nishike. Nimepona."

Vidole gumba vilipita mashavuni, vikarudi, vikapita tena. Uso wa mama ukachangamka kwa furaha ambayo binti hakuwahi kuiona.

"Mdogo wangu," mama alisema. "Umechelewa wapi siku zote hizi?"

Mama alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekufa kwa homa akiwa msichana, kabla Fundi Sura hajazaliwa. Nyumbani hakutajwa.

"Mama, ni mimi. Si unaisikia sauti yangu?"

"Sauti ni ya mwanangu," mama alikubali. "Umeiazima?"

Fundi Sura akampigia simu mjomba, kaka mkubwa wa mama na huyo marehemu. Mjomba alikuja, akafika mlangoni, akamwona mpwa wake na kushika mwimo. Akamvuta uani.

"Kumbe nafanana naye, mjomba?"

"Zamani hukufanana na mtu. Yale madoa yalikuficha." Alitazama ndani, akashusha sauti. "Akikuita kama marehemu, usiitike. Mwambie wewe ni nani, hata mara mia."

Alimtii. Kila jioni alisema, "Ni mimi, mwanao," na kila jioni mama aligeuza uso ukutani akakataa kula. Akakonda, mifupa ya mabega ikatokeza. Hatimaye, siku moja sahani imepoa mapajani, mama akauliza kwa unyonge, "Umeninunia, mdogo wangu?"

"Sijanuna, dada," Fundi Sura akajibu.

Mama akala. Alisimulia walivyokuwa wakioga mtoni wakiwa wadogo, walivyochapwa waliporudi. Binti alikuwa akisikiliza tu, mara akajisikia anasema, "Na kiatu changu kimoja kikaenda na maji."

"Kikaenda," mama alicheka. "Tukamwambia baba kimeliwa na mbwa."

Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za kiatu. Aliinuka atoe vyombo, mama akamshika kifundo cha mkono.

"Kuna binti anaishi hapa, ni mwanangu. Mashavu yake yana vishimo, lakini ana moyo mzuri sana. Siku hizi haji nimshike. Ukimwona, mwambie nimemwekea chakula jikoni."

Fundi Sura alikwenda jikoni. Sahani ilikuwapo mezani, imefunikwa, bado ya moto. Alivuta kiti akala chakula chote taratibu, huku sebuleni mama akiongea kwa upole na mtu, akinyamaza kidogo kila baada ya swali, kisha akicheka kwa alichojibiwa.