Supu ya Ngozi ya Samaki

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nasema mapema ili mutu asipoteze wakati kunitafutia diploma. Konjelateri yangu, sanduku la kugandishia, niliinunua kwa jasho la kuvua na kukausha samaki Nyangwe, na hakuna aliyenisaidia.

Samaki kapiteni wa mto Lualaba walikuwa wanafika kwangu Kasongo, wanagandishwa, kisha pikipiki inawapeleka Salamabila, kwa mama mmoja mwenye malewa, kibanda cha chakula, anayelisha wachimba dhahabu. Yeye peke yake ndiye alikuwa soko langu. Siku moja akanipigia simu.

"Mzee, samaki yako inatema maji ndani ya sufuria, nyama inabaki kama pamba. Watu wa mashimo wananitukana! Nitakuja huko kwa arusi ya dada yangu. Nisipoona samaki nzuri, basi, narudia ya moshi."

Kosa lilikuwa letu, sikatai. Samaki wa moshi hugeuzwa asubuhi na jioni, na sisi konjelateri tuliitunza vile vile: fungua, geuza, funga. Tena grupu, mashine ya umeme, tuliizima mchana, mazutu yake isiishe. Barafu inayeyuka kidogo, inashika tena, na kila mara inaota sindano ndefu zaidi. Sindano hizo ndizo zilipasua nyama.

Nilikataza kugeuza, lakini grupu ilikuwa bado inazimwa. Ndipo nikakuta, chini kabisa, bakuli ambayo muke wangu aliisahau: supu ya ngozi na mapezi, ile inayoshikana kama ulimbo ikipoa. Barafu yake ilikuwa laini kama unga wa muhogo. Kipande cha samaki kilichokuwa ndani kilikuwa bado imara. Nikasema, basi, kapiteni wote wataoga humo kabla ya kuganda.

Mukwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, ni mwalimu wa sayansi. Kwetu mukwe habishani na baba mukwe uso kwa uso. Kwa hiyo alimugeukia muke wake, nami nimekaa pale pale.

"Mwambie baba, supu ni chakula ya vijidudu."

"Baba, anasema..."

"Masikio ninayo! Mwambie inachemka kwanza, inapoa, ndipo samaki anaingia. Na umuulize, shuleni waligandisha samaki wangapi?"

Akainama, akacheka chini chini. "Mwambie kuacha kufungua konjelateri kutatosha. Supu haina kazi."

Hapo alinichoma, maana lilikuwa neno la akili. Nikamujibu kwa kazi. Samaki waliovuliwa siku moja, nusu tuliwaogesha supu, nusu hapana. Konjelateri ni ile ile, katikati tukaweka ubao, grupu ikaendelea kuzimwa kama kawaida. Mukwe mwenyewe alifunga kamba kwenye mikia ya walioogeshwa, nisije nikadanganya.

Mama wa Salamabila alikuja wiki tatu baadaye, kesho yake ya arusi. Binti yangu alipika samaki mumoja wa kila upande, kamba ameitoa, kila mumoja na sufuria yake. Mgeni hakuambiwa kitu. Sufuria ya kwanza ilikuwa imejaa maji.

"Hii ndiyo mulikuwa munanitumia," akasema, akaisukuma.

Ya pili alikula mpaka kichwa. "Na hii? Ya leo asubuhi?"

"Ya wiki tatu."

"Mzee, usinichezee!"

Binti yangu akamuonyesha kamba. Ndipo mukwe akasema nami mwenyewe, macho chini: "Baba, ngozi ikichemka inatoa protini. Nafikiri hiyo ndiyo inazuia barafu isikue."

"Jina ni lako," nikamujibu. "Supu ni yangu."

Mama alikuwa amekwisha kuinama ndani ya konjelateri, anatoa wenye kamba mumoja mumoja.

"Na hawa wengine?" nikauliza.

"Waliwe na wenye diploma. Kuanzia leo, samaki asiyeoga nisimuone Salamabila."