Jina Nililolimeza

Nakumbuka asubuhi ile wapimaji wa ardhi walipofika kwetu Taita, mwanangu, na mimi ni bibi arusi wa juzijuzi, kanga mpya, mdomo mwepesi. Mume wangu Mwadime alikuwa ameenda sokoni. Mdogo wake, Mwakio, alikuwa kibarua bandarini Mombasa. Baba mkwe alishasema mbele ya watu: juu ya masale ni kwa Mwadime, chini hadi mtoni ni kwa Mwakio. Masale ni vile vimti vyembamba tunavyopanda mpakani, sijui kama nyinyi mliozaliwa huku ng'ambo, Maplewood, mmewahi kuviona.

Karani wao akaniuliza, "Shamba hili ni la nani?"

Nikasema, "La Mwadime." Nikanyamaza hapo. Nilijiambia kwetu jina la mkubwa ndilo la nyumba nzima. Lakini pia nilipenda kusikia jina la mume wangu likiandikwa peke yake. Niliishia darasa la pili, sikujua kalamu ina nguvu kiasi hicho.

Mama mkwe, Mkamburi, aliposikia aliacha kuponda mihogo na maharage ya kimanga. "Wewe unayejua hadi majina ya mbuzi wa jirani, la Mwakio limekushinda? Jina ulilolimeza, utalitapika mwenyewe."

Nikacheka. Niliona ni maneno ya mama mkwe tu.

Hati ya shamba ikatoka na jina hilo moja, ikalala sandukuni. Mwakio akarudi, akajenga chini ya masale na mkewe Mghoi, tukaombana chumvi miaka yote. Mwakio akafa, Mwadime naye akafa, na hati ikaenda kwa mwanangu Kidai, nesi, huyu ninayeishi naye. Mwaka jana nikasikia ameomba mahakama imtoe Mghoi.

"Nataka kukujengea pale mtoni, Mama, urudi nyumbani."

"Na Mghoi?"

"Hati ina jina la Baba peke yake. Tutamtafutia pahali, usi-worry."

Wakili wake akanitaka niwe shahidi, kwa kuwa nakumbuka kila jina. Siku hizi mahakama inaingia hadi jikoni, mwanangu. Huku saa moja asubuhi, theluji dirishani. Kule saa kumi alasiri, hakimu anajipepea. Kidai aliegemeza tableti kwenye mkebe wa majani chai. Wakili akauliza nani walikuwepo siku ya wapimaji. Nikawataja: Mzee Mwakima, Mzee Mnyika na fimbo yake, Wakesho mkunga, hata mbwa wa Mwakima, Simba.

"Na shamba lilikuwa la nani?"

Nikamtazama Kidai. Ananitazama na yeye, uso wa baba yake kabisa.

"La Mwadime na Mwakio," nikasema. "Mimi ndiye niliyetaja mmoja."

"Mheshimiwa, mama amezeeka, anasahau!" wakili akadakia.

"Sijasahau mbwa, nitamsahau shemeji?"

Hakimu akaandika, akaahirisha kesi. Kidai akachukua funguo za gari, akaenda kazini bila chai.

Mghoi bado yuko kwake, lakini kesi haijaisha. Hati inasema hivi, mdomo wangu unasema vile, na sijui hakimu atashika kipi. Kidai alitaka kunijengea, nami nikasema kinyume chake. Nimemponza, au nimemponya? Watu wa kanisani huniuliza, na kila siku nawapa jibu jingine. Kichwa kinanizunguka tu.

Ila haya nayajua. Ukiulizwa mali ya kwenu ni ya nani, mtaje na asiyekuwepo. Ukirithi karatasi, usitosheke na kuisoma. Wapigie simu wazee uulize nani hakuandikwa, kabla hujaenda kwa wakili. Na kama ulimeza jina la mtu, liseme mapema, mkiwa bado mnaombana chumvi. Mimi nilingoja hadi nikalisemea kwenye kioo cha tableti, mbele ya hakimu, Kidai akinitazama.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na siku utakapokuwa mbali nawe unagawiwa fungu, awepo mtu wa kulitaja jina lako.