Nyigu Iliyopimwa na Adui

Fundi huyu wa miwani walimwita Hakimu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Kila Jumamosi mchana, akishafunga duka, chumba cha nyuma kilijaa watu wazima wenye kazi zao na ndevu zao, wakitunguana kwa ndege za vita za zamani kwenye kompyuta. Usicheke. Waligombania kasi ya ndege ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzigusa, na wakikwama walimgeukia Hakimu. Mchezo wenyewe uliruhusu takwimu za ndege kubadilishwa, na neno lake ndilo lililoingizwa.

Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kuamini namba, uliza nani kapima. Kiwanda husifia ndege yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Adui naye akiiteka, huipima ikiwa na injini mbovu na mafuta yasiyoifaa, kisha huandika kwamba ni mzigo mtupu. Kwa hoja hiyo aliwahi kuitupilia mbali ripoti ya adui juu ya ndege ambayo kikundi kiliiita Nyigu. Mkewe alikuwepo, walikuwa bado wachumba, na nadhani siku hiyo ndiyo alipoamua kuolewa naye.

Mke huyo, mshonaji mwenye jicho kali, ndiye aliyemlinda mkia angani. Hakimu akiwinda, mkewe yuko nyuma akimfukuzia maadui. Viti vyao viligusana. Hayo yote mpaka shemeji, mdogo wake mkewe, mwendesha kreni, alipohamishwa kikazi na kufikia kwao.

Shemeji hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa mcheshi, aliosha vyombo bila kuambiwa, na alirusha Nyigu utadhani alizaliwa nayo. Jumamosi ya kwanza dada mtu alihamisha kiti chake, eti kwa siku moja tu, amfundishe mdogo wake. Kiti hakikurudi. Hakimu akawa anatunguliwa na Nyigu mbili, huku ndugu hao wakicheka vichekesho vya utotoni asivyovijua. Aliona wivu, wivu wa waziwazi, wa kumkosesha mtu hamu ya kula. Baba mzima, kisa kiti!

Basi mwalimu wa hesabu, mchezaji mwenzao, akalalamika kwamba Nyigu inakata kona mno, Hakimu aitazame. Hakimu alisema angeichunguza wiki nzima. Aliichunguza kwa muda wa kunywa chai. Alifukua ile ripoti ya adui, akapunguza namba, akatangaza kwa upole kwamba umepatikana ushahidi mpya. Hakuna aliyeuliza nani kapima. Nani amuulize Hakimu?

Jumamosi iliyofuata Nyigu zilijikokota kama kuku walionyeshewa. Shemeji alitunguliwa, akatunguliwa tena, akasema tu kwamba labda siku zote alikuwa anabebwa na ndege. Hakimu alitarajia kufurahi. Akafurahi kidogo, tuseme ukweli.

Mkewe akavua vipokea sauti. Hakupandisha sauti.

"Mume wangu, namba hizo si za ile ripoti uliyonisomea ukaitupa? Ulisema adui hapimi ndege, anapima chuki yake."

Hakimu akajibu kwamba mtu hujifunza.

"Sawa. Na huyu mdogo wangu, umempima kwa mafuta gani?"

Mwalimu wa hesabu akaanza kufuta miwani isiyo na uchafu. Hakimu maneno alikuwa nayo, tele, na wote wangeyakubali. Lakini aliigeukia kompyuta akarudisha namba za zamani, moja baada ya nyingine.

"Hakuna ushahidi mpya," alisema, bado amewapa mgongo. "Nilikuonea wivu, shemeji. Namtaka mke wangu akae pale alipokuwa anakaa."

Shemeji akainuka haraka kupisha. Dada yake akamvuta shati, akamkalisha.

"Kwanza tumalize mchezo," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtabasamia mumewe.

Wakapaa. Nyigu mbili zikamjia Hakimu kwa nyuma, bega kwa bega, zikikata kona kwa namba zilezile alizozirudisha kwa mkono wake.